Pengo la Simbamarara

Mwezi wa kumi na moja, tarehe 17

Xiaoman amenipa daftari hili. "Mama," kaniambia, "ukipata hamu ya kumsema mtu, mseme humu." Haya. Binti yangu ananijua.

Mimi ni Dang Yuexian, nina miaka arobaini na minane, nilizaliwa mwaka wa simbamarara. Mwaka huu zamu ya simbamarara imerudi, kwa hiyo tangu sikukuu iliyopita natembea na mshipi mwekundu kiunoni na soksi nyekundu miguuni. Mwaka wako ukikurudia, mabalaa yanakujua kwa jina, na rangi nyekundu huyafukuza. Mume wangu, Gengxu, alizaliwa mwaka wa panya, na ni panya kweli. Hasemi sana, na karanga zikipungua jikoni simtafuti mwingine.

Leo baridi kali imeanza rasmi, tukala jiaozi, vifuko vya unga na nyama vyenye umbo la sikio, ili masikio yasigande. Mimi nilikanda unga, Gengxu akakatakata nyama, Xiaoman akala. Tumbo lake limekuwa kubwa, akikaa anaegemea nyuma kama diwani. Atajifungua siku chache baada ya mwaka mpya wa kalenda yetu ya mwezi, kwa hiyo mtoto atakuwa sungura. Mama mkwe wake, Mama Yongbin, hana raha nyingine duniani. Sungura ni mpole, anasema, sungura hukaribishwa kila mlango.

Jioni mkwe wangu Yongbin akavuka korongo na pikipiki yake ya magurudumu matatu kuja kumchukua mkewe. Akasimama mlangoni akiizungusha kofia mikononi.

"Mama, kuna jambo. Yaani Mama kule nyumbani anasema, ule mwezi wa uzazi... unajua yeye ni kondoo. Na mimi ni nguruwe."

"Najua. Na mimi ni simbamarara. Nitawachemsha supu?"

"Si mimi niliyesema, Mama."

"Najua si wewe. Wewe huwa husemi kitu."

Maana yake ni kwamba nisikanyage kwao mpaka mtoto atimize mwezi. Desturi naijua, sikuanza kuisikia leo. Simbamarara haingii chumba cha bibi harusi wala cha mzazi. Siku ya harusi ya Xiaoman, mwanangu wa kumzaa mwenyewe, nilikaa jikoni na masufuria wakati wengine wanamvisha. Nilinyamaza. Na leo nikacheka, nikasema sawa. Walipoondoka nikaosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi.

Mwezi wa kumi na moja, tarehe 20

Mtungi wa maji umeganda. Gengxu kaumwagia maji ya moto, umepasuka. Nimemsema kwa mdomo, daftari lilikuwa mbali.

Mwezi wa kumi na mbili, tarehe 3

Jirani yetu Caiqin kaja kuniagiza mikate. Mjukuu wake wa kiume anatimiza mwezi, anataka simbamarara wawili wa unga na kofia ya kitambaa yenye uso wa simbamarara.

"Mtengenezee macho makali," kasema. "Uchawi ukimwona ugeuze njia."

Kazi hii ninaiweza, sitajidanganya kwa unyenyekevu. Nachana manyoya kwa kitana kipya, nakata masharubu kwa mkasi, macho natia maharage meusi, ulimi natia kipande cha kunazi. Simbamarara wangu wakitoka kwenye mvuke wanakaa kama wanataka kusema neno. Vijiji vyote vya upande huu wa korongo, mtoto akizaliwa, simbamarara wa kumlinda anatoka mikononi mwangu.

Nikamuuliza Caiqin, "Utanialika kwenye sherehe?"

Akaangalia dari. "Yuexian, dada yangu, wewe si unajua..."

Najua, ndiyo. Simbamarara wa unga analala kitanda kimoja na mtoto, simbamarara wa nyama hata kizingiti hapewi. Aliyetunga mambo haya alikuwa amelewa.

Mwezi wa kumi na mbili, tarehe 8

Leo ni siku ya uji wa nafaka nane. Xiaoman hakuja, njia ina barafu. Tumekula wawili, sufuria imebaki nusu.

Gengxu aliniona nimenuna, akaanza hadithi ile ile ya mfalme wa mbinguni aliyewaita wanyama wavuke mto, na kumi na wawili wa kwanza ndio wapewe miaka. Panya alipanda mgongoni kwa ng'ombe, ng'ombe alipofika ukingoni panya akaruka mbele akawa wa kwanza. Paka alimwomba panya amwamshe, panya akasahau, au akajisahaulisha.

"Na wewe mpaka leo hivyo hivyo," nikamwambia. "Unasubiri ng'ombe akubebe."

"Simbamarara alifika wa tatu," kasema. "Alipambana na mkondo peke yake. Hakubebwa na mtu."

Ni maneno mazuri, lakini hayakunifaa kitu. Basi akatoa kipande cha gazeti alichokihifadhi. Huko Gansu wamefukua kaburi la zamani sana, la enzi za Qin, wakakuta vijiti vya mianzi vimeandikwa wanyama wa miaka. Na pale panapokaa joka, kumeandikwa mdudu.

"Mdudu?"

"Mdudu. Joka hili linalowafanya watu wazae kwa foleni mwaka wake ukifika, wakati huo lilikuwa mdudu tu. Yuexian, kwanza miaka ilikuwa na majina makavu ya wasomi. Wanyama waliwekwa ili watu kama mama yangu wakumbuke. Mama hakujua kusoma, umri wake hakuujua, lakini alijua yeye ni mbwa. Ukijua mbwa, unahesabu, unapata. Ni namba tu. Wewe ni namba tatu."

"Namba tatu hafukuzwi mlangoni," nikasema.

Akakunja gazeti lake. Namhurumia, alikuwa amelitunza kwa ajili yangu.

Sasa niandike lile ambalo Gengxu analijua na hatulisemi. Nilipokuwa na miaka sita mama yangu alijifungua mtoto wa kiume. Nilichungulia chini ya pazia, nikamwona, mwekundu, amekunja ngumi. Siku ya tano homa ikamchukua. Bibi alinishika sikio mbele ya watu akasema, "Huyu ndiye aliyemtazama." Mama hakusema hapana. Mpaka leo natengeneza macho ya simbamarara mchana kutwa, lakini mtoto mchanga simtazami usoni. Mama Yongbin anadhani ananizuia yeye. Nusu najizuia mwenyewe.

Mwezi wa kumi na mbili, tarehe 15

Theluji. Ngano imefunikwa vizuri, Gengxu anafurahi.

Mwezi wa kumi na mbili, tarehe 23

Tumempaka mungu wa jiko pipi nata mdomoni ili akipanda mbinguni kuripoti aongee matamu tu. Nilimwongezea kidogo, mwaka huu ana mengi ya kusema juu yangu.

Xiaoman kapiga simu ananong'ona. Mama Yongbin hamruhusu kufagia, kuinama, kupanda ngazi, wala kucheka kwa nguvu.

"Eti nikicheka mtoto atateleza, Mama. Anataka nimshikilie mpaka mwaka uishe."

"Na wewe unafanyaje?"

"Nacheka ndani ya mto."

Tukacheka wote. Halafu akaniuliza, "Mama, siku yenyewe utakuja?" Nikamwambia nitakuja hospitali. Hospitali si nyumba ya mtu.

Mwezi wa kumi na mbili, tarehe 29

Mtoto kazaliwa. Nimekaa na kalamu muda mrefu, sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilikuwa nakanda unga wa mikate ya sikukuu, mikono myeupe mpaka viwikoni, simu ikalia. Yongbin. Chupa ya uzazi imepasuka, wako hospitali ya wilaya. Siku moja tu mwaka uishe! Gengxu akawasha pikipiki, nikapanda nyuma vile vile na unga wangu, ukanigandia mikononi njiani.

Kwenye korido nilimkuta Mama Yongbin amemshika daktari mkono wa koti.

"Daktari, kesho kutwa ndiyo mwaka mpya. Hakuna dawa ya kumtuliza? Siku mbili tu!"

"Mama," daktari akasema, msichana mdogo, macho mekundu ya kukosa usingizi, "ongea na mtoto mwenyewe. Mimi hanisikilizi."

Ningecheka siku nyingine. Nikaelekea mlango wa chumba cha kujifungulia, Mama Yongbin akaniona. Akamwacha daktari, akasimama kati yangu na mlango. Ni mwanamke mfupi, mwembamba, chupa ya chai ameikumbatia kifuani.

"Yuexian, nakuomba."

"Hapa si kwako."

"Najua si kwangu. Nakuomba tu. Simbamarara mmoja anakuja kwa lazima, sina la kufanya. Wa pili asiwepo. Likitokea jambo utajisamehe?"

Alijuaje pa kunichoma? Hakujua, nadhani. Alirusha tu jiwe, likanipata. Nikamwona mdogo wangu na ngumi zake.

Ndipo nikasikia Xiaoman analia ndani, "Mama! Mama!"

Na Mama Yongbin akageuka akaingia.

Mimi nikatoka nje. Kuna banda la baiskeli, nikakaa kwenye kipande cha tofali nikibandua unga mikononi. Theluji ilikuwa inaanguka kidogo kidogo. Sikumbuki nilikaa muda gani. Gengxu akaja anatembea upesi upesi, anatabasamu kama mtu aliyeokota kitu.

"Msichana. Kilo mbili na nusu. Xiaoman mzima. Kelele zake sasa! Dirisha linatikisika."

"Simbamarara," nikasema.

"Simbamarara," akasema, na tabasamu halikumtoka.

Sikupanda ghorofani. Nimerudi nyumbani, unga ulikuwa umeumuka umemwagika nje ya bakuli. Binti yangu ameniita na sikwenda. Nimeandika, liko hapo.

Mwezi wa kumi na mbili, tarehe 30

Mwaka wa simbamarara umekwisha. Nimevua mshipi mwekundu. Fataki kijiji kizima. Gengxu kabandika karatasi nyekundu za mlangoni, moja kaibandika imepinda.

Mwezi wa kwanza, tarehe 2

Leo mabinti wote hurudi kwa mama zao. Kwa Caiqin wamejaa mpaka uani. Nilipika kana kwamba nina wageni, kisha nikawapelekea wao.

Na Caiqin, mdomo unametameta mafuta, kaniambia, "Hongera kwa sungura wako! Mama Yongbin anawaambia watu kazaliwa alfajiri ya mwaka mpya, fataki ya kwanza ikilia."

Nikaacha bakuli mezani. "Anasema hivyo?"

"Kijiji kizima kinajua."

Kijiji kizima kinajua uongo. Mtoto wa siku nne ana mwaka wa kuazima! Huko kwenye mto wa hadithi walimwacha paka nje, lakini angalau hawakumwambia aitwe mbwa.

Mwezi wa kwanza, tarehe 10

Yongbin kaja. Safari hii kofia kaiweka mezani, dalili mbaya.

Mtoto anaendelea vizuri. Xiaoman anakunywa uji wa ulezi na sukari guru, maziwa yanatoka. Wanamwita Douya, chipukizi la soya, kwa wembamba wake. Kitambaa chekundu kiko mlangoni kuwaonya wageni. Sherehe ya mwezi ni tarehe ishirini na tisa.

"Na duara, Mama?"

Kwetu huku, mtoto akitimiza mwezi, mama wa mzazi hutengeneza mkate mkubwa wa duara, tundu katikati, na juu yake wanyama kumi na wawili wa miaka wamezunguka. Mbele ya wageni mtoto anapitishwa kwenye tundu huku mtu akitaja wanyama mmoja mmoja, aingie kwenye miaka yote na miaka yote imjue. Mnyama wa mtoto mwenyewe huwekwa juu kabisa, mkubwa kuliko wenzake. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kuutengeneza. Hata iweje, ni kazi ya bibi wa upande wa mama.

"Duara litakuwepo," nikasema.

"Mama anaomba juu akae sungura. Na pia... anaomba alilete Baba."

"Yongbin, mwanao kazaliwa lini?"

Akaangalia kofia yake. "Tarehe ishirini na tisa."

"Mwaka gani?"

"Wa simbamarara, Mama."

"Basi unajua. Nilidhani umesahau."

Nguruwe masikini. Aliondoka bila kunywa chai. Si mtu mbaya. Amelelewa na mama peke yake, hajui kumkatalia.

Mwezi wa kwanza, tarehe 15

Sikukuu ya taa. Gengxu kapeleka taa ya mtoto kwao. Wamemruhusu kuingia, panya hana madhara. Kambeba. Kaniambia ana nywele nyingi na mdomo wa kwangu, unafunguka kabla ya macho. Nilimwacha aeleze, halafu nikamwambia anyamaze, halafu nikamwambia aeleze tena.

Mwezi wa kwanza, tarehe 20

Upepo wa vumbi. Hamira mpya haijakubali.

Mwezi wa kwanza, tarehe 28

Duara limeiva.

Nilianza jana kukanda. Unga wa ngano yetu ya kilima, ule mweupe. Nimetengeneza panya na mkia wake, ng'ombe, joka lenye magamba ya ncha ya mkasi (si mdudu, Gengxu aniwie radhi), nyoka, farasi, kondoo, tumbili, jogoo, mbwa, nguruwe. Kondoo nilimtengeneza kwa hasira lakini katoka mzuri, pamba tupu. Sungura nimemweka mahali pake pa kawaida, mdogo kama wenzake. Na kati ya ng'ombe na sungura, juu kabisa, nimeacha pengo. Pengo la kutosha mnyama mkubwa.

Gengxu akaliangalia duara lote, akafika pale, akasimama.

"Mama Xiaoman, umesahau."

"Sijasahau. Wamesema simbamarara asiingie nyumba yao. Nimetii. Mwambie hivyo akikuuliza."

"Mbele ya watu wote?"

"Mbele ya watu wote."

Akasugua shingo. "Duara lenye pengo, kwa mtoto..."

"Usiniambie!"

Hakuniambia. Lakini nimekaa hapa naandika. Hasira hasara, wahenga hawakukosea. Nimemkomoa Mama Yongbin au nimemkomoa Douya? Mtoto mwenyewe hana kosa. Unga ulikuwa umebaki. Nikatengeneza simbamarara. Sikupanga, mikono ilianza yenyewe. Masharubu, ulimi wa kunazi, macho ya maharage meusi, ila macho haya sikuyafanya makali. Ameiva, yuko kabatini chini ya kitambaa. Kama kesho asubuhi nitapata ujasiri nitampa Gengxu amchomeke mahali pake.

Mwezi wa kwanza, tarehe 29

Sikupata ujasiri. Au kiburi kilikuwa kikubwa, sijui. Gengxu aliondoka na duara amelifunga kwa shuka, pengo na vyote. Mimi nikabaki nafagia ua ambao haukuwa na uchafu.

Karibu na mchana nikasikia pikipiki inakuja mbio, halafu breki. Nikajua Yongbin. Lakini sauti haikuwa ya Yongbin.

"Yuexian! Toka!"

Mama Yongbin, na aproni yake ya upishi, vumbi la barabara kichwani, kasimama nje ya lango. Mwanawe kabaki kwenye pikipiki anaangalia mbali.

"Lango liko wazi," nikasema. "Ingia."

"Nitasimama hapa hapa."

"Kondoo anaogopa."

"Kondoo ana haki ya kuogopa!" akanijibu kwa ukali, kisha sauti ikamvunjika. "Umenifanyia nini leo? Watu wote wamekaa. Caiqin kashika duara, anahesabu. Panya, watu wakaitikia. Ng'ombe, wakaitikia. Halafu kidole kikaangukia kwenye shimo. Kimya. Nikasema endelea, sungura. Xiaoman akainuka na mtoto. Akasema, 'Mwanangu hapitishwi kwenye duara lenye pengo. Aliyelitoboa alizibe.' Akaingia chumbani akafunga mlango. Tambi zinalowa huko!"

"Mimi nimetii tu ulichosema."

"Najua nilichosema!" Akashika nguzo ya lango. "Wewe unadhani mimi nakuchukia. Yuexian, mimi ni kondoo wa kike. Unajua wanavyosema, kondoo kumi, tisa hawana bahati. Nilipoolewa mama mkwe wangu alinihesabu kwa hao tisa siku zote. Baba Yongbin alipoanguka kutoka juu ya paa, nguo ya msiba hakunipa mkononi. Alinitupia chini, akasema, chukua, kazi yako hiyo. Yongbin alikuwa mgongoni. Sasa mjukuu anakuja msichana, na simbamarara! Nikasema huyu hatahesabiwa. Nitamfanya sungura, nani ataniuliza? Na wewe usiwe karibu, likitokea lolote wasipate wa kumnyooshea kidole. Hata wewe."

Nilikuwa na ufagio mkononi. Nikauegemeza ukutani. Miaka miwili nimemsema mwanamke huyu, kwa mdomo na kwa daftari, na sikuwahi kumuuliza neno moja.

"Mimi walisema nilimuua mdogo wangu kwa kumtazama," nikamwambia. "Nilikuwa na miaka sita."

Akanitazama. "Nani alisema?"

"Bibi."

"Bibi yako mjinga," akasema, papo hapo, kwa hasira kama vile bibi yuko jikoni. Miaka arobaini na mbili nimesubiri mtu aseme hivyo, na kasema kondoo.

Yongbin akapiga honi kidogo, akajifanya ameigusa kwa bahati mbaya.

"Haya," Mama Yongbin akasema akijifuta uso kwa aproni. "Usipoziba ufa utajenga ukuta. Simbamarara yuko wapi?"

"Yupi? Wa unga au wa nyama?"

Aliangalia kizingiti changu, akakivuka, mguu mmoja, na wa pili.

"Wote wawili," akasema. "Fanya haraka."

Nilikwenda kwao na simbamarara mapajani, kafungwa kwenye kitambaa. Uani palikuwa na meza na watu na mvuke. Waliponiona wakageuka wote. Gengxu peke yake ndiye aliyekuwa anatafuna. Kwenye mlango wa chumba, kile kitambaa chekundu, Mama Yongbin akakishusha kwa mkono wake, akakitia mfukoni mwa aproni.

Nilimchomeka simbamarara kwa njiti ya mwanzi. Akakaa sawasawa, kama lile pengo lilikuwa linamngoja. Mlango ukafunguliwa, Xiaoman akatoka, mwili umejaa, uso umechoka. Akaja moja kwa moja akaniwekea mtoto mikononi.

Nikageuza uso pembeni. Sikukusudia. Shingo iligeuka yenyewe, nikawa naangalia rundo la mahindi.

"Mama," Xiaoman akasema polepole. "Mwangalie."

"Xiaoman, mwanangu..."

"Mimi ndiye mama yake, nimekwambia mwangalie."

Nikamwangalia. Alikuwa macho. Nywele nyingi kweli, Gengxu hakuongeza chumvi. Alinikazia macho kama mtu anayetaka kununua kitu na hajaridhika na bei. Halafu akapiga chafya, matone yakanipata kidevuni. Hakuna kilichotokea. Mbingu zilikaa mahali pake. Nililia mbele ya watu wote na sikuona haya.

Caiqin akainua duara, lakini Mama Yongbin akamnyang'anya. "Nahesabu mwenyewe." Akalishika, mimi nikaanza kumpitisha Douya, miguu kwanza, na yeye akitaja kwa sauti ya kuita watu shambani.

"Panya!"

"Panya!" wakaitikia.

"Ng'ombe!"

"Ng'ombe!"

"Simbamarara!" Na hapo akasimama, akawageukia. "Na mjukuu wangu ni simbamarara. Kazaliwa tarehe ishirini na tisa, mchana kweupe. Nilichowaambia mwanzo nilidanganya. Mwenye neno alitoe sasa hivi, kabla tambi hazijaletwa!"

Watu walikuwa na njaa. Hakuna aliyetoa neno.

"Simbamarara!" wakaitikia, na sauti ya Yongbin niliisikia juu ya zote. Sikujua kama anayo.

Baada ya hesabu duara hukatwa, kila mtu apate kipande. Mama Yongbin akanyoosha mkono, akalivunja sikio la simbamarara, akalitia mdomoni, akatafuna akinitazama.

"Haya, leo kondoo amemla simbamarara," akasema. "Tumemaliza mambo hayo."

"Chumvi imekolea?" nikamuuliza.

"Imepungua kidogo."

Ana jeuri yule mwanamke. Haikupungua hata kidogo.

Mwezi wa pili, tarehe 2

Leo ni sikukuu ya joka kuinua kichwa, na theluji ya mwisho imeyeyuka kwenye ngano. Tumekaanga maharage kama kila mwaka.

Mama Yongbin kapiga simu mwenyewe. Kesho anakwenda sokoni, Xiaoman bado mchovu, Yongbin yuko kazini. Anaomba simbamarara aje kulinda mtoto. "Uje mapema," kasema, "na usije na soksi zako nyekundu, mwaka wako umekwisha." Nikamwambia nitavaa ninachotaka.

Nimechukua kofia niliyomshonea Douya, ile ya uso wa simbamarara, nimeiweka mlangoni nisiisahau.

Daftari, leo sina wa kumsema. Isipokuwa Gengxu. Karanga zimepungua tena.